Kiti Kilichomganda Mtani

Watu wanaokumbuka katuni za kaka yangu hukumbuka kiti. Ni kiti cha plastiki chenye mikono, kimemganda kiongozi mmoja mnene makalioni, naye anatembea nacho kila aendako: sokoni, harusini, kwenye uzinduzi wa bomba la maji. Wasomaji wa Dar es Salaam walisema kaka alikuwa anawasema wanaong'ang'ania madaraka. Mwalimu mmoja aliwahi kuniambia kwamba kiti kile ni fumbo zito. Mimi nilikuwepo siku kiti kilipoanza, na sikuona fumbo lolote.

Ilikuwa Likombe, hapa Mtwara, kwenye mkutano wa hadhara, vyama vingi vilipokuwa bado vichanga. Viti vilikuwa vimeazimwa kwa mtu anayekodisha vitu vya harusi, vipya na vyembamba. Mheshimiwa, ambaye cheo chake nakiacha, aliitwa azungumze. Akasimama, na kiti kikasimama naye. Alikwenda nacho karibu mpaka kwenye kipaza sauti ndipo vijana wa chama wakamkimbilia, huyu akivuta kiti na yule akimshika mheshimiwa mabega. Hakuna aliyecheka, kwa sababu polisi walikuwa wamesimama pale pale na wenyewe hawakucheka. Kaka alikuwa pembeni, amekuja kuangalia bango la kitambaa alilowaandikia. Akarudi nyumbani akachora alichokiona. Hivyo ndivyo alivyoingia kwenye siasa.

Kabla ya hapo alikuwa mchora mabango. Kule Mikindani alichora ukutani simba anayekunywa chai, kwa sababu mwenye hoteli alitaka simba na biashara yake ilikuwa chai. Naliendele alichora vipeperushi vya wakulima wa korosho: jani lenye ubwiriunga, ule ukungu mweupe, tawi lililofyonzwa na wadudu, mdudu mwenyewe. Huko ndiko alikojifunza wino mweusi na kalamu ya nibu. Bwana shamba mmoja alimkatalia mchoro wa kwanza wa mdudu, akamwambia asipambe, kwa maana mkulima akimwona mdudu ni mzuri hatamuua. Kaka alilishika neno lile. Hata alipochora wakubwa, hakuongeza tumbo la mtu wala hakulipunguza.

Mimi ni mdogo wake. Niliishia darasa la saba, nikaolewa, nikaachika, nikarudi kukaa kwake na wifi yangu. Asubuhi nilikaanga mihogo nikauza mbele ya nyumba. Mchana nilijaza weusi. Kaka alichora mistari, na pale palipotakiwa kuwa peusi aliweka alama ndogo ya kukata kwa penseli: nywele, viatu, suti, kivuli cha kiti. Mimi nilichukua brashi nikajaza. Kuchora sikujua, na hadi leo sijui. Nilijua kutotoka nje ya mstari.

Michoro ilikwenda Dar kwa basi, ndani ya bahasha, mkononi mwa kondakta. Masika barabara ilikatika na basi lilikaa kwenye tope na abiria wake na bahasha yetu. Katuni ya ukosefu wa maji ilifika gazetini mvua ikiwa imezoa daraja. Mhariri alituma salamu kwamba hilo halina neno, katuni za kaka hazichachi. Tulidhani anasifu. Huenda alikuwa anasifu.

Sasa nieleze jambo ambalo watu wa gazetini hawakulielewa. Kabila letu na kabila la yule mheshimiwa ni watani. Kabila lake silitaji. Anayetujua anajua, na asiyetujua hapungukiwi kitu. Mtani anaweza kukunyang'anya kofia njiani. Anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako. Ukifa anakuja msibani kwako kuigiza ulivyokuwa ukikoroma, na anaweza kuzuia maiti yako isitoke mpaka apewe anachotaka. Kukasirika hairuhusiwi. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe.

Kaka aliona kuchora ni hivyo hivyo. Hakumchora mheshimiwa kwa sababu alimchukia. Alimchora kwa sababu alikuwa na haki naye. Na mheshimiwa alilijua hilo. Katuni ya kwanza ilipofika Mtwara alikuja na gari mpaka nyumbani, akashuka, akakuta nauza mihogo, akachukua kipande kikubwa kuliko vyote bila kuuliza.

"Mwambie huyo mla panya," akasema, "kiatu changu amekikosea. Mimi nina viatu vya kamba."

Kaka alikuwa ndani anasikia. Akajibu kupitia dirishani, "Viatu vya kamba utaviinamia vipi, mtani, na kiti hicho?"

Mheshimiwa akachukua kipande cha pili akaondoka. Ikawa ndiyo desturi. Kila katuni ilipotoka nilijua mihogo itapungua.

Kwa ajili hiyo, kila mhariri alipomtaka kaka amchore mtu, kaka aliuliza kwanza ni mtu wa wapi. Siku moja mhariri alipiga simu kwenye duka la jirani, nami nikamsindikiza kaka kuipokea. Alitakiwa kumchora mkubwa mmoja aliyekuwa anasemwa nchi nzima. Kaka akauliza kwao ni wapi. Akaambiwa. Akafikiri, akasema, "Huyo siwezi. Hatutaniani naye."

Nilisikia mhariri akicheka kwenye simu. Nadhani alisema kaka anaogopa.

"Siogopi," kaka akasema. "Nikimchora huyo itakuwa matusi."

Mhariri aliona ni ushamba, akampa kazi hiyo mwingine. Hivyo ndivyo kaka alivyokuwa mchora katuni za siasa wa pekee niliyemfahamu ambaye nusu ya nchi hakuigusa. Magazeti mengine yaliandika kwamba anachagua watu wake kwa shabaha kali. Alichagua kwa makabila ya watani, na wala hakuficha.

Shida ilikuja alipoletwa mkubwa mpya kutoka mbali, mtu ambaye hata matunda ya kwao hatukuyajua. Akazindua bomba la maji Likombe kwa utepe na ngoma. Maji yalitoka siku ile ile ya utepe, hayakutoka tena. Majirani wakamjia kaka. Wakamwambia amchore. Kaka akasema hana utani naye. Wakamwambia hakuna anayezungumzia utani, wanazungumzia maji. Alizunguka kuuliza wazee kama zamani makabila yale mawili yaliwahi hata kupigana, maana utani mwingi unatokana na vita. Hakuna aliyekumbuka vita. Alirudi amechoka. Mtaani wakaanza kusema kwamba amenunuliwa.

Mwishowe alichora bomba kavu, na kando yake kiti cha plastiki kitupu. Mtu hayupo. Nilijaza weusi wa kivuli cha kiti na wa bomba, basi. Ilipotoka aliitwa ofisi ya serikali kuhojiwa. Aliporudi alitusimulia. Walimuuliza kile kiti ni cha nani. Akasema ni kiti. Wakamuuliza aliyekuwa anakalia ni nani. Akasema hakuna aliyekalia, ndiyo maana kimechorwa kitupu. Wakamuuliza kwa nini basi amekichora. Akasema kwa sababu mtu asingeweza kumchora, na kiti hakina kabila. Wakamtazama, wakaandika, wakamwambia aende. Wifi alimuuliza alipata wapi ujasiri wa kuwajibu vile. Kaka hakuelewa swali. Alikuwa amejibu alichoulizwa.

Kisha ukaja uchaguzi mwingine. Wapinzani wa mheshimiwa, ambao wengi wao hawakuwa na utani na mtu yeyote, waliichukua ile katuni ya kwanza, ya kiti kilichomganda, wakaitoa fotokopi, wakaibandika kuanzia Mikindani hadi Naliendele: kwenye milingoti, kwenye milango ya maduka, kwenye mti mbele ya nyumba ya mheshimiwa mwenyewe. Hawakumwomba kaka ruhusa. Chini waliandika kwa kalamu nene maneno ambayo kaka hakuyaandika. Mheshimiwa alishindwa.

Kaka alisubiri matanga ya kura yaishe, kama alivyoyaita. Halafu akavaa kanzu akaenda kwake kumpa pole kwa njia ya watani. Niliongozana naye. Mheshimiwa alikuwa barazani, amekaa kwenye mkeka. Kaka hakusalimia. Akaenda moja kwa moja uani, akakamata kuku jike mwekundu, akamkumbatia, akaanza kutoka. Hapo mtani anatakiwa ainuke akukimbize akiita mwizi, watu watoke majumbani, mgombanie kuku hadi mmoja achoke.

Mheshimiwa hakuinuka. Alimtazama kaka, akatazama kuku.

"Chukua tu," akasema.

Kaka akabaki amesimama na kuku mikononi.

"Chukua tu, bwana. Hakuna neno."

Tulirudi nyumbani na kuku. Wifi alipotaka kumchinja, kaka alimkatalia. "Amenipa," alisema. "Mtani hapewi." Kuku yule hatukujua la kumfanya. Kumrudisha ni matusi, kumla ni kukubali kwamba kumekuwa na zawadi, na zawadi ni kwa watu baki. Akabaki anazurura uani, akataga, akaatamia. Wifi alimlisha. Kaka alimpita kama mtu anavyompita mdai.

Baada ya hapo mheshimiwa alimwamkia kaka vizuri sana. Hilo ndilo lililomkondesha. Wakikutana msikitini alimuuliza habari za nyumbani, akamtakia afya njema, akamwita bwana. Hakupita tena kula mihogo yangu. Kaka alimchora mara moja tu baada ya hapo, kisha akaichana karatasi kabla sijaweka weusi. Alisema hajui tena anachora nini.

Gazeti nalo lilipata vijana waliojua kompyuta. Bahasha zikapungua, zikaisha. Kaka akarudi kwenye mabango, akachora saluni na gereji. Kisukari kikamkamata, kikaenda kwenye macho, halafu mguuni. Nilikuwa namwandalia dawa na kumsomea magazeti, nikisimama kwenye katuni kumweleza kilichochorwa. Aliniuliza kama weusi umejazwa vizuri. Nilimwambia siku hizi hakuna anayejaza, mashine inajaza. Akasema basi ndiyo maana.

Siku moja, nikimfunga kidonda, alisema bila kuulizwa:

"Yule mtani asipokuja kunizika, basi nilikuwa natukana."

Nikamwambia atakuja.

"Usimwite," akasema. "Mtani haitwi."

Nilielewa nilichoachiwa. Alikuwa amechora miaka yote ile akiamini ana haki. Shahidi wa haki hiyo alikuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa anamwamkia vizuri.

Kaka alifariki asubuhi, kabla chai haijachemka. Habari ya kifo haihitaji kutumwa, inakwenda yenyewe. Mpaka jua linapanda uani palikuwa pamejaa. Majirani wa lile bomba walikuja, pamoja na waliosema amenunuliwa, wakakaa kwenye mikeka. Watani wengine walikuja, wakamwigiza kaka anavyoinama kuuliza "mtu wa wapi huyo," na watu wakacheka kama inavyotakiwa. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, karibu na mlango. Nilicheka kidogo. Nilikuwa natazama barabara.

Maiti ikaoshwa, ikakafiniwa. Shehe, ambaye hapendi watani na watani nao hawampendi, akatangaza kwamba baada ya swala ya adhuhuri tunatoka. Wakaswali. Jeneza likaingizwa ndani, kaka akawekwa, likafunikwa kwa kanga. Wanaume wakalishika. Mimi nilishaacha kutazama barabara. Nilijiambia kwamba mheshimiwa ni mzee, huenda anaumwa, huenda amesafiri. Nilijua hajasafiri. Nilikuwa nimemwona sokoni siku chache nyuma.

Pikipiki ikasimama mbele ya nyumba. Nyuma yake alikuwa amepakiwa mheshimiwa, mnene kama zamani, na kichwani amejitwisha kiti cha plastiki chenye mikono. Akashuka kwa taabu. Hakusalimia mtu. Akapita katikati ya mikeka, akakanyaga viatu vya watu, akakiweka kiti mlangoni, katikati kabisa ya kizingiti, akakaa akitugeuzia mgongo sisi tuliokuwa ndani na maiti. Kiti kililia. Mlango ulikuwa mwembamba, naye aliujaza.

"Hatoki," akasema.

Mimi nilikuwa naona mgongo wake na mgongo wa kiti, ule niliokuwa naujaza weusi.

Shehe akamwambia kwa upole kwamba wakati unakwenda.

"Mimi nimekaa kwenye kiti hiki miaka yote hiyo gazetini, shehe," akajibu, "hakuna aliyeniambia wakati unakwenda. Sasa mnaharakia nini?" Halafu akageuza shingo kidogo kuelekea jeneza. "Wewe mla panya. Umelala? Si ulisema mimi ndiye siondoki? Haya, siondoki. Amka unitoe."

Wazee wetu wakaanza kazi yao ya kumbembeleza. Wakampa kofia ya marehemu, akaivaa, akabaki palepale. Wifi akanong'ona kuku aletwe. Akaletwa jogoo mwekundu, amefungwa miguu. Mheshimiwa akamtazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni mjukuu wa kuku wangu," akasema. "Mmeniibia, mmezalisha, sasa mnanihonga kwa mali yangu. Wezi nyinyi ukoo mzima."

Aliposema "mmeniibia" nilikaa chini. Kuku hakuwa zawadi tena. Mwanamke aliyekuwa pembeni yangu alidhani ni huzuni akanishika bega, na huzuni pia ilikuwepo.

Wakamuuliza basi anataka nini. Akasema anataka kuchorwa amesimama. Miaka yote amechorwa na kiti, hawezi kumwacha mtu aende kaburini na deni hilo. Wakamwambia mchoraji ndiye huyo aliyelala. Akasema hilo haliwezi kuwa shauri lake.

"Yule dada wa mihogo yupo wapi?" akauliza. "Si ndiye aliyekuwa ananitia weusi?"

Wanawake wakanisukuma mbele. Nikasema sijui kuchora. Akasema hata marehemu hakujua, angalieni alivyokosea viatu. Nikachukua mkaa jikoni, ule uliochemshia maji ya kuoshea maiti, na kifuniko cha boksi la sabuni. Nikapiga magoti nyuma ya kiti chake na kuchora mtu. Kichwa, mwili, miguu miwili ya kusimamia. Kisha, kwa kuwa ndicho nilichokijua, nikamjaza weusi wote, bila kutoka nje ya mstari. Nikampitishia juu ya bega.

Akakitazama.

"Hiki ni muhogo," akasema.

"Ni wewe, mtani," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita hivyo.

"Umesimama huu muhogo?"

"Umesimama."

Akakikunja kifuniko, akakitia mfukoni mwa kanzu. Kisha akashika mikono ya kiti, akainuka, na kiti kikainuka naye. Akapiga hatua kuelekea uani, kiti kipo nyuma yake kimemganda kama siku ile ya Likombe. Safari hii polisi hawakuwepo. Watu walicheka hadi wakashikana. Shehe aligeukia ukutani, na mabega yake nikayaona yakitikisika. Vijana wakakivuta kiti, kikatoka kwa mlio, na mheshimiwa hakugeuka kukitazama. Alirudi mlangoni, akasukuma kijana mmoja, akashika upande wa jeneza wa mbele, mkono wa kulia, akamtoa kaka.

Watu wameniuliza kama alikuja kwa mapenzi au kwa siasa. Nilifikiri sana jambo hilo. Mwaka ule haukuwa wa uchaguzi. Wameniuliza pia kama kiti kilimganda kweli au alikibana kwa makusudi. Hilo sijui. Nilikuwa nyuma yake, karibu kuliko mtu yeyote, na sijui.

Wanawake hatuendi makaburini. Tulibaki uani, tukaanza kukunja mikeka na kufagia. Wifi akaona kiti kimebaki katikati ya uwanja, akauliza kama tumpelekee mwenyewe.

Nikamwambia hapana. Tumekiiba.

Nakikalia mimi asubuhi, nikikaanga mihogo. Ameshapita hapa mara kadhaa kukidai, ananiita mwizi kwa sauti ya mtaa mzima, na kila mara anaondoka na kipande kikubwa.